Mashahidi Kumi na Watano wa Gijsbert Plantinga

Jumatatu, 3 Aprili

Kontena limezuiwa. Kontena langu! Skafu elfu kumi na nane za pamba, rangi ya machungwa, zimekwama bandarini Rotterdam. Siku ya Mfalme ni tarehe 27. Siku hiyo nchi nzima huvaa rangi ya machungwa, hadi mbwa. Tarehe 28 rangi hiyo huvaliwa na watengeneza barabara tu.

Barua imetoka kwa Bi Terpstra wa ofisi ya ukaguzi. Anataka nithibitishe kwamba hakuna mtu aliyefanyishwa kazi kwa lazima popote ilipopita pamba yangu. Shambani, kwenye kuichambua, kuisokota, kuifuma, kuitia rangi, kuishona. Hatua sita! Mimi hata suruali niliyovaa sijui imetoka wapi. Mke wangu Tjitske ndiye hununua.

Bi Hennie akaisoma barua juu ya bega langu. Huyu ni katibu wa ofisi tangu enzi za marehemu baba. Siku zake za kazi ni Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na saa saba mchana huwa ameshavaa koti. Akasema jambo lenyewe si gumu, tukae tuzungumze. Nikasema niachie mimi. Akafungua kitabu chake cha miadi, akalamba kidole, akasema ana nafasi Alhamisi ya tarehe 13, saa nne na robo. Siku kumi kuongea na mtu anayekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nikamwacha aandike ili anyamaze.

Ningeweza kumwandikia Bwana Senthilnathan mwenyewe, anayenishonea skafu huko kwenye joto la Tamil Nadu. Lakini Januari aliniandikia kwamba anabadilisha kiwanda cha kusokota nyuzi na anaomba senti nne zaidi kwa kila skafu. Sikusoma zaidi ya hapo. Sikujibu. Skafu zikaja tu, naye hajazitaja tena zile senti. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Jioni akapiga simu shemeji Roelof, kaka yake Tjitske. Yeye huleta aproni za rangi ile ile, bandari ile ile. Zake zimepita Jumamosi. Alipiga kunifariji, kasema. Kasema mambo yakiniharibikia ataichukua kampuni, tena mimi hatanitupa, atanipa meza karibu na dirisha. Na ua la chungu.

Kampuni ya baba! Ua la chungu!

Jumanne, 4 Aprili

Usingizi mzuri, akili nzuri. Shingo pia imetulia tangu nilipoinua kompyuta kwa lile rundo la karatasi. Skrini sasa iko sawa na macho. Daktari alitaka kuniuzia kiti.

Nimeandika tamko. Mimi, Gijsbert Plantinga, kwa heshima na taadhima, natamka kwamba wote waliogusa skafu hizi walizigusa kwa furaha. Muhuri wa kampuni mara mbili. Nimeupeleka kwa barua pepe saa tatu asubuhi.

Jibu limekuja saa tatu na dakika arobaini. Bi Terpstra ananishukuru kwa hisia zangu. Sasa anaomba ushahidi.

Alhamisi, 6 Aprili

Mpango wa pili. Kama shida ni pamba kutoka mbali, basi isitoke mbali. Nikaandika kwamba pamba imelimwa Drenthe, mkoa wa hapa hapa nchini, kwa mkulima mmoja mpole.

Bi Terpstra amejibu kwamba yeye mwenyewe amekulia Drenthe. Anaulizia jina la mkulima.

Sikujibu. Bi Hennie ameuliza kama bado nakumbuka miadi yetu ya Alhamisi ijayo. Nimemwambia mimi si mtoto.

Jumamosi, 8 Aprili

Bethdei ya shemeji Roelof. Viti vimepangwa duara, tumekaa tumetazamana. Unampa hongera Roelof, unampa hongera mke wake, mama yake, jirani yake, kana kwamba wote wamezaliwa leo. Kipande kimoja cha keki. Roelof akasimulia jinsi aproni zake zilivyopita. Ana faili, kasema. Kila hatua ina karatasi yake. Mama mkwe akanitazama mimi wakati akimsifu yeye.

Nikasema naenda chooni. Sikwenda chooni. Nikaingia chumba chake cha kazi, nikaliona faili, nene, jeupe, kwenye rafu. Nikapiga picha haraka haraka. Nikasikia hatua. Nikajirusha chooni, nikafunga mlango, nikabaki humo nikitazama kalenda ya bethdei za ukoo ukutani. Bethdei yangu haimo. Miaka ishirini na sita nimemuoa dada yake!

Nilipotoka, duara zima lilinigeukia. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti, "Mwanangu, tumbo?" Roelof akaongezea kwamba keki ilikuwa moja tu, shemeji, sasa tumbo limechafuka na nini.

Nyumbani nikafungua picha. Tatu ni za kidole changu. Moja ni risiti ya kambi ya likizo. Ya mwisho inasomeka vizuri, nayo ni kichwa cha habari tu: "Maelezo ya wafanyakazi wenyewe."

Inatosha! Kumbe mkaguzi anataka kusikia sauti za watu. Sauti za watu ninazo.

Jumapili, 9 Aprili

Nimeshinda ofisini peke yangu. Nimeandika mashahidi kumi na watano kwa mkupuo mmoja, skrini mbele ya macho, shingo haikuuma hata kidogo. Majina nimeyaficha kwa usalama wao. Huo ndio ubinadamu.

Kazi ilikuwa kuonyesha kwamba ni watu huru. Nikajiuliza mtu huru anafananaje. Nikatazama dirishani, nikaandika.

Mfanyakazi wa Kwanza hana lalamiko lolote ila upepo wa mbele anapoendesha baiskeli kwenda kiwandani. Jioni upepo hugeuka, ukawa wa mbele tena. (Upepo nimewapa wote kumi na watano. Mtu asiyelalamikia upepo nani atamwamini?) Wa Tatu hula mkate wa jibini saa sita na nusu, kautoa nyumbani kwenye kopo lake, wala hakuna anayemlazimisha kula chakula cha moto mchana. Wa Nne hafanyi kazi Jumatano mchana kwa sababu watoto hutoka shule mapema. Wa Sita, siku yake ya kuzaliwa, alileta keki mwenyewe kwa hiari yake na kuwalisha wenzake. Wa Nane humpinga bosi usoni mbele ya watu wote, kisha wanakunywa kahawa pamoja, biskuti moja kila mtu, kopo linafungwa. Wa Kumi na Moja, Januari ikiwa nzuri, huteleza na viatu vya barafu kwenye mfereji nyuma ya kiwanda. Wa Kumi na Mbili ana karavani, kile kinyumba cha kuvutwa na gari kwenda likizo.

Nilipofika kwa huyu wa karavani machozi yalinilengalenga. Wanaishi vizuri watu wangu.

Jumatatu, 10 Aprili

Nimepeleka. Bi Hennie aliona kichwa cha barua akauliza hao mashahidi nimewapata wapi. Nikasema nina njia zangu. Akasema ndicho anachokiogopa. Akataka tuzungumze kuhusu karatasi za Tamil Nadu. Nikamkumbusha kwamba tuna miadi. Akarudi mezani kwake. Kwa miadi huyu mama hana la kusema.

Alhamisi, 13 Aprili

Saa nne na robo. Nimejifungia stoo, kati ya kofia za mwaka jana. Yule mama akiniuliza mara mbili nitasema kweli, najijua. Nilimsikia akisimama nje ya mlango. Akasimama muda mrefu sana. Nikabana kikohozi, kikanishinda, nikakohoa ndani ya kofia. Saa nne na nusu akaondoka.

Saa saba akaaga kupitia mlangoni. Anaenda Zeeland, pwani, na mumewe na karavani yao kwa Pasaka, atarudi tarehe 24. Nikamtakia mapumziko mema kwa sauti ya mtu aliye mbali.

Jumanne, 18 Aprili

Bi Terpstra ameniita ofisini kwake. Mama mrefu, miwani kwenye kamba, kikombe cha kahawa. Nilikwenda na tai.

Mbele yake walikuwa mashahidi wangu wote, wamepigwa alama za njano. Akaniambia, bila kucheka, kwamba alisoma kumi wa kwanza bila kushtuka hata kidogo. Aliwaona ni watu wa kawaida kabisa. Wa Nne alimkumbusha dada yake. Kwa Wa Nane alitikisa kichwa kukubali. Alipofika kwa Wa Kumi na Moja, yule wa barafu, ndipo akaweka kikombe chini. Akarudi mwanzo. Akaanza kuhesabu wanaolalamikia upepo.

Akaniuliza Tamil Nadu watu wanateleza kwenye barafu sehemu gani. Nikasema sehemu za juu. Akaniuliza joto la huko Januari ni digrii ngapi. Nikasema inategemea na mtu.

"Bwana Plantinga," kasema, "njia ya mwongo ni fupi. Yako wewe haina hata kona."

Kisha akavua miwani. Akanieleza kontena la mtu mwingine, hakumtaja. Karatasi zake zilikuwa safi, wafanyakazi wote wana furaha. Mwaka mzima baadaye ikajulikana wasichana wa kiwanda kile walinyang'anywa vitambulisho, hawawezi kutoka, mmoja alikosa kumzika mama yake. Akasema wale watu hawana mlango mwingine wa kufika kwake isipokuwa karatasi kama hizi. "Wewe umeuziba huo mlango kwa mkate wa jibini. Wala hujui kama huyo mtu alikuwa na la kusema."

Niliona haya. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliona haya kweli, masikio yaliniwaka moto.

Amenipa hadi Ijumaa saa sita mchana. Ushahidi wa kweli, au kontena linarudishwa lilikotoka. Kwa hao mashahidi kumi na watano nitaandikiwa barua ya onyo peke yake.

Haya ilidumu hadi kwenye maegesho. Hapo nikakuta ujumbe wa Roelof. Picha ya ua la chungu. Anauliza kama napenda lenye majani mapana.

Jumatano, 19 Aprili

Maji yamenifika shingoni. Kumwandikia Senthilnathan siwezi, senti nne zitaamka. Amebaki Bi Hennie. Alikuwa na la kusema kuhusu Tamil Nadu, na sasa simu yake imezimwa.

Nimeendesha gari hadi Zeeland. Nikazunguka kambi tatu. Ya nne nikamkuta mbele ya karavani, anamenya viazi na mumewe, Bwana Kuipers.

Bi Hennie akanitazama, akasema leo ni Jumatano.

Nikasema najua.

Akasema Jumatano si siku yake.

Nikasema najua, Bi Hennie, lakini kampuni ya baba inazama. Akasema baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumsumbua Jumatano hata mara moja, hata mwaka ule ghala lilipoungua. Akarudi kwenye viazi vyake. Bwana Kuipers akanionea huruma, akanipa kahawa na biskuti moja. Kopo likafungwa. Nikakaa. Nikamenya viazi. Nikashika kamba ya nguo. Saa mbili nzima.

Hatimaye akasema haya ataniambia, lakini si kama kazi, ni kama jirani kwa jirani. Faili la Tamil Nadu lilifika kwa posta tangu Januari. Hatua zote sita. Risiti za shamba, mikataba, maelezo ya wafanyakazi ishirini na wawili, wa kweli, na namba za kuwapigia. Aliliweka mezani kwangu na karatasi juu: "Soma."

Nikamuuliza sasa liko wapi.

"Liko chini ya kompyuta yako, Gijsbert."

Bwana Kuipers aligeuka akatazama bahari.

Nikabaki na kiazi mkononi. Kumbe hilo ndilo alilotaka kuniambia saa nne na robo. Akasema alisubiri mlangoni dakika kumi na tano akinisikiliza ninavyokohoa. Kisha akaongeza kwamba alimjibu Senthilnathan pia, kwa jina langu, kwamba zile senti nne tumekubali. Kiwanda cha zamani kilikuwa hakifai, akasema, ilikuwa imeandikwa kwenye barua ile ile, mstari wa pili.

Nilirudi nyumbani gizani nikifikiria jambo moja tu. Senti nne mara elfu kumi na nane ni yuro mia saba na ishirini! Bila kuniuliza!

Alhamisi, 20 Aprili

Nimeinua kompyuta. Lilikuwepo. Duara la kahawa kwenye jalada, na karatasi ndogo ya Bi Hennie: "Soma." Miezi mitatu. Niliwaandika mashahidi wangu juu ya migongo ya mashahidi wenyewe.

Nikafungua katikati. Bi Kaliammal, msokotaji wa nyuzi, miaka thelathini na mmoja. Anasema kiwanda cha zamani kilifungia vitambulisho vyao kabatini. Mama yake alipougua aliambiwa amalize mkataba kwanza. Hapa alipo sasa kitambulisho anacho mwenyewe, anakihifadhi ndani ya sanduku la shanga. Anasema: "Mnaponunua, msiulize kama tuna furaha. Ulizeni kabati liko wapi na ufunguo anao nani."

Nikausoma ukurasa ule mara mbili. Kahawa ikapoa. Hakutaja upepo popote.

Nikapeleka faili kwa mkono wangu. Bi Terpstra alilisoma kwa saa nzima, akapiga simu mbili, akasema hawa wanaongea. Kontena litaachiwa Jumatatu. Kwa wale kumi na watano nimepewa onyo la maandishi, na kwa miaka miwili kila mzigo wangu utafunguliwa na kudaiwa ushahidi wake.

Mlangoni nikamuuliza wenzangu wanawezaje hii sheria. Akasema hakuna uchawi. "Unamuuliza anayekuuzia. Halafu unasoma jibu." Nikayaandika maneno hayo nyuma ya kiganja.

Alhamisi, 27 Aprili

Siku ya Mfalme. Mvua tangu alfajiri. Watu wote wamejifunga skafu kichwani, shingoni, kwenye usukani wa baiskeli. Zimekwisha zote! Aproni za Roelof hazikwenda, nani atavaa aproni kwenye mvua. Alikuja kwenye meza yangu, maji yanamtiririka puani, akanunua skafu mbili. Akaomba punguzo. Nikamwuliza anataka ua lenye majani mapana au membamba.

Akacheka, kisha akaniuliza kwa upole nilipitaje kwa Terpstra. Nikamwambia shemeji, hakuna uchawi. Unauliza, halafu unasoma jibu. Akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona miaka ishirini na sita. Anasema kwenye chama cha waagizaji wadogo wanatafuta mtu wa kuwafundisha sheria hii. Nimekubali.

Tjitske ameniambia bethdei yangu imeandikwa kwenye kalenda ya choo cha Roelof. Ameiandika yeye, kwa penseli.

Ijumaa, 12 Mei

Ukurasa wa Bi Kaliammal niliutolea nakala, nimeubandika ukutani. Wageni huuliza. Mafunzo yangu kwa chama yalipokelewa vizuri sana, watu walipiga makofi.

Lakini shingo! Tangu faili lilipokwenda kwa Terpstra, kompyuta iko chini, nainama kama kuku anayedonoa. Wiki tatu za mateso.

Leo kimefika kifurushi kutoka kwa Senthilnathan. Ni karatasi za mzigo wa Desemba, mifuko ya pamba ya zawadi za watoto. Kinene! Juu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba tafadhali nianze na ukurasa wa tatu, kuna jambo la haraka kuhusu kiwanda cha kutia rangi. Bwana yule ana adabu sana. Nimekijaribu chini ya kompyuta. Kimo chake ni barabara, kuliko hata cha lile faili la kwanza.

Barua ya Bi Terpstra nayo imefika. Anataka ushahidi wa mifuko kabla ya mwisho wa mwezi. Leo si siku ya Bi Hennie. Ameacha ujumbe kwamba ana nafasi Jumanne ya tarehe 23, saa nne na robo. Siku kumi na moja! Siwezi kukaa mikono kifuani wakati kampuni ya baba iko hatarini.

Nimeanza mwenyewe. Safari hii mashahidi ishirini. Mtu hujifunza kwa makosa yake, kwa hiyo barafu nimeifuta na upepo nimeutoa kwa wote.

Wanalalamikia mvua.